Jiwe Lililoketi Mirihi

Watu walimwita Fundi Vumbi, naye hakununa. Jina hilo alipewa na watoto wa mtaani waliochungulia mlangoni mwa studio yake wakamkuta ameinamia picha ya marehemu wa watu, pua karibu iguse karatasi, akipuliza. Vumbi, doa, ukungu, mkojo wa panya, mkunjo wa miaka mingi chini ya godoro: hayo ndiyo yaliyokuwa yakimlisha. Picha za harusi na za pasipoti aliwaachia vijana na simu zao. Yeye alingoja zile ambazo mtu huja nazo amezifunga kwenye leso, akaifungua leso taratibu na kusema, fundi, hii ndiyo pekee tuliyo nayo ya mama, tusaidie.

Na alikuwa na njia yake. Picha ikiwa imeliwa na mchwa mpaka pua haipo, Fundi Vumbi hakubuni pua. Aliita ukoo. Njooni nyote, alisema, mkae hapo kwenye benchi niwaone. Basi wangekuja shangazi na wajomba na wapwa, wamevaa nguo zao za kutokea, naye angewazunguka akiwashika videvu na kuwageuza nyuso dirishani bila hata kuomba radhi. Pua aliiazima kwa mpwa, sikio kwa dada mtu, kidevu kwa mjukuu asiyetulia. Kuna familia moja walikuja na jirani yao aliyewasindikiza tu, akakaa benchini pamoja nao, na babu wa watu akarudi nyumbani na masikio ya jirani. Hakuna aliyegundua ila jirani mwenyewe, ambaye mpaka leo akiingia sebule ile hujishika masikio.

Akimaliza kazi kulikuwa na mambo mawili ambayo hayakujadiliwa. La kwanza, picha ile mbovu hakuirudisha kwa mwenyewe. Hapo alikuwa hashikiki. Alisema mtu ukimwachia ile ya zamani atakaa akilinganisha, leo nyusi, kesho shavu, na hatapumzika. Bora aende na moja, aizoee. La pili, chini ya picha, kwa brashi nyembamba na wino mweupe, aliandika jina la marehemu na miaka miwili, wa kuja na wa kuondoka. Mwandiko wake ulikuwa mzuri hata wambeya walisema ukitaka kufa vizuri kafie karibu na Fundi Vumbi.

Picha moja tu ilikaa bila maandishi, nayo ilikuwa ukutani kwake mwenyewe, juu ya kabati la vyombo. Ilikuwa ya mwanawe. Waliouliza aliwajibu kwamba wino umekwisha, na wino haukuwa umekwisha.

Kijana huyo alikuwa kitinda mimba. Tangu alipoanza kusema alikuwa haachi kuuliza, kwa nini maji hayana rangi, kwa nini kuku hakojoi, mpaka mtaa mzima ukamwita Mdadisi, na wazazi wake wakawa Baba Mdadisi na Mama Mdadisi. Dada yake mkubwa alilalamika sana, maana yeye ndiye aliyetangulia kuzaliwa na jina la wazazi kaporwa na mtoto wa juzi. Alilalamika hivyo kwa miaka, kwa mzaha. Sasa halalamiki tena.

Mdadisi alipata kazi mgodini, mbali, safari ya kulala njiani. Kazi yake ilikuwa kuangalia pampu za kuvuta maji chini kwenye mashimo. Siku moja mlima ulititia. Walichimba, wakasikia kugongwa kwa chuma huko chini, wakachimba tena, mlima ukaanza kumeguka upya, na wenye mgodi wakasema walio hai wasifuate waliokwisha kufa. Mdomo wa shimo ukazibwa kwa zege, watu wakiwa ndani. Wazazi walipeana mikono na bwana mmoja aliyevaa kofia ya plastiki, wakapewa cheti cha kifo, wakapanda basi kurudi. Hakukuwa na jeneza. Hakukuwa hata na udongo wa kushika mkononi.

Watu walikuja nyumbani kutoa pole. Mama Mdadisi aliwapa viti, akawashukuru mmoja mmoja, akawauliza hali za watoto wao, na walipoondoka akarudi kwenye meza yake ya pasi. Alikuwa akipiga pasi mashuka ya hoteli, marundo yakiletwa asubuhi na kuchukuliwa jioni, na alipenda kusema kwamba yeye amelala kwenye hoteli zaidi ya mtalii yeyote, ila kwa mikono tu. Hakulia. Wiki zikapita, miezi ikapita, hakulia. Majirani wakaanza kunong'ona kwamba ana moyo wa jiwe, wengine kwamba kilio kimemrudi tumboni na kitamuua. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini midomo ya watu haina mlango.

Fundi Vumbi naye alitaka jambo moja tu duniani: mkewe alie. Alimwogopa akiwa vile. Walikula pamoja, walilala pamoja, lakini aliona kama anaishi na mtu aliyesimama kituoni akingoja gari. Alidhani siku atakayolia ndipo atakaporudi nyumbani.

Badala ya kulia, Mama Mdadisi aliangalia Mirihi. Mambo hayo yaliletwa na Mdadisi mwenyewe. Ndiye aliyemweleza mama yake kwamba kuna kigari kisicho na dereva kimepelekwa kwenye sayari ile, kinatambaa polepole kama kobe, kinapiga picha za mawe na mchanga, na picha zile zinaletwa duniani na kuwekwa wazi kwa yeyote mwenye simu. Basi mama na mwana wakawa na mchezo wao. Mdadisi akitoka shimoni angemtumia mama picha na kumuuliza anaona nini. Mama angejibu: mlango, nani kaujenga na ukuta hana? Kijiko, tena kimening'inia kwenye mwamba, mwenyewe kaenda kutafuta uji. Vijiwe vya mviringo vimemwagika chini kama mtama, na hata kuku mmoja hakuna. Siku alipotumiwa machweo ya huko, ambapo anga lililo karibu na jua huwa la buluu, mama alisema hata jua la huko linasikia baridi. Mdadisi alimwambia kuwa wanasayansi wanaita hayo macho kujidanganya, jicho la mtu likiona kivuli hutafuta sura. Mama akamjibu kwamba na wao wanasayansi wana mama zao.

Baada ya mlima kutitia aliendelea na mchezo peke yake. Pasi ikipoa au ikipata moto, simu mkononi, kidole kikisukuma mawe. Fundi Vumbi alimwambia binti yake kwamba mama yenu kahamia Mirihi, hapa anakuja kula tu. Binti alicheka, kisha akaenda kumsaidia mama yake kukunja mashuka.

Ndipo siku moja, wakiwa mezani, Mama Mdadisi akamsogezea mumewe simu. Fundi alifuta mikono akaitazama. Aliona ardhi ya rangi ya kutu, mawe yametapakaa, na katikati jiwe moja lililosimama nyuma ya jingine lililo bapa, mfano wa ngazi ya mlangoni. Kwa kweli ungedhani ni mtu ameketi. Ametupa mgongo, kakunja magoti, shingo kainamisha, bega moja limeshuka kuliko jingine. Hivyo hivyo ndivyo Mdadisi alivyokuwa akikaa kizingitini na simu yake, mpaka mama yake humwambia nyoosha mgongo utakuwa kibyongo. Fundi aliisogeza simu karibu na macho. Alisema anamwona.

"Nitolee kubwa," mkewe akasema. "Ya ukutani."

Tangu msiba lilikuwa jambo la kwanza kumwomba. Fundi Vumbi aliondoka na simu ile kama kijana aliyekubaliwa posa.

Studioni aliifungua kwenye kompyuta, akaikuza. Jamani, picha ile ilikuwa ndogo, na kila alivyozidi kuikuza ndivyo yule mtu alivyozidi kuondoka. Kichwa kikawa kijiwe kilichokuwa nyuma, mbali kabisa. Bega likawa kivuli. Magoti yakawa ufa. Alipofikia ukubwa wa ukutani hapakuwa na mtu hata kidogo, palikuwa na jiwe lililoliwa na upepo na madoa meusi ya kamera kila mahali. Fundi alishika kichwa. Nikimpelekea hivi, aliwaza, nitakuwa nimemzika mtoto kwa mara ya pili, tena kwa mkono wangu.

Basi akafanya alichokijua. Akaazima. Sikio alilitoa kwenye picha ya Mdadisi iliyo juu ya kabati. Kisogo hakuwa nacho, kwa kuwa nani huwapiga watoto wake picha kisogoni, lakini watu walikuwa wakisema baba na mwana hawa ukiwaona kwa nyuma huwatofautishi. Akapanga vioo viwili, akajipiga picha mwenyewe shingoni, akaiazima shingo yake. Akaongeza ukosi wa shati la kazi, kidogo tu. Akafuta changarawe, akafuta madoa, akalainisha anga. Kazi ilimchukua siku nyingi, na wateja waliambiwa warudi baadaye. Alikuwa akilia anapofanya, machozi yanadondoka anayafuta kwa mkono wa shati, na hakuona ajabu kwamba yeye analia na mkewe halii.

Alipomaliza, mkono ulienda wenyewe kwenye mazoea. Picha mbovu hairudi kwa mwenyewe. Akaifuta ile ya asili kwenye kompyuta, akaifuta kwenye simu ya mkewe, akaiweka mpya mahali pake.

Aliileta nyumbani ikiwa na fremu. Mama Mdadisi alizima pasi, akaja akasimama mbele yake. Alitazama kwa muda mrefu. Akanyoosha kidole, akaligusa lile sikio.

"Huyu ni mwanangu," akasema.

Fundi akajibu ndiye, kwa furaha.

"Kwani mimi nilikuagiza mwanangu?" Hakupaza sauti. "Nilijua ni jiwe. Ulidhani nimerukwa na akili? Wenzangu wakifiwa wana jiwe, Baba Mdadisi. Wanakwenda, wanang'oa majani, wanakaa kidogo, wanarudi nyumbani kupika. Mimi wangu yuko chini ya zege la watu. Nikaona jiwe moja, liko mahali hapana mtu wa kulifukia wala kulihamisha, nikasema basi, hili litakuwa langu. Wewe umeliondoa ukaniwekea mtu. Nitamliliaje mtu aliyekaa?"

Kisha akaomba ile yake ya mwanzo. Fundi Vumbi alijaribu kueleza habari ya mazoea ya kazi, akaona maneno yenyewe yana aibu, akasema tu kwamba ameifuta. Mkewe hakumtukana, na afadhali angemtukana. Aliigeuza ile picha ikatazama ukuta, akarudi mezani, akawasha pasi. Baadaye kidogo nyumba ikanuka kuungua. Shuka la hoteli lilikuwa limepata alama ya pasi, ya kwanza katika maisha yake ya kazi, naye alikuwa amesimama anaitazama tu.

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini Fundi Vumbi aliinama kuyazoa. Binti yake alimwonyesha zinakowekwa picha za kigari, akamwonya kwamba ni maelfu kwa maelfu na kwamba kigari hakikai mahali pamoja. Mkewe hakujua aliipata siku gani. Fundi akasema haidhuru. Akavuta kiti mbele ya kompyuta, akaanza.

Mwanzoni aliona alichozoea kuona, yaani madoa. Kila picha ilikuwa na vumbi la kioo, na kidole kilimwasha. Alikumbuka, na kukumbuka huko kulimchoma, kwamba siku moja Mdadisi alimtumia na yeye picha ya huko akamuuliza, baba, unaona nini? Naye akamjibu kwamba kamera yao ni chafu. Kijana hakumtumia tena. Sasa alikaa akaona mchanga uliopangwa mistari kama umechanwa kwa kitana. Aliona gurudumu la kigari lenyewe, limetoboka kama sufuria kuukuu. Aliona kitu kama kandambili, akacheka peke yake, akageuka amwonyeshe mtu. Hapakuwa na mtu. Wateja waligonga, wengine wakachukua marehemu wao wakaondoka kwa hasira.

Nyumbani hawakuwa wakizungumza ila ya lazima: chumvi iko wapi, mlango umefungwa. Ile fremu ilibaki imeuonyesha ukuta uso.

Akaliona jiwe mchana mmoja, hata hakuamini. Ngazi ile bapa, bega lililoshuka, shingo iliyoinama. Ni picha yenyewe. Alitaka kukimbia nayo hapo hapo, lakini alikuwa amezoea kusukuma, na kidole kikasukuma picha za mbele yake. Kigari kilikuwa kimesogea, kikapita karibu na jiwe, kisha kikageuza jicho kutazama kilikotoka. Na hapo palikuwa na jiwe lile lile kwa upande wa pili. Alilitambua kwa ile ngazi. Kwa upande huo hapakuwa na mgongo, wala goti, wala shingo. Lilikuwa jiwe. Pembeni yake alama za magurudumu zilikuja, zikalipita, zikaenda zao.

Fundi Vumbi alikaa nazo mbili. Alijua ya kwanza ndiyo aliyoombwa, na hakuna aliyemwuliza ya pili. Angeweza kunyamaza. Mkono wake ulishika chombo cha kufutia, ukafuta doa moja dogo kwenye ile ya kwanza, kisha akalirudisha lile doa mahali pake. Akazitoa zote mbili, na vumbi lake, na changarawe zake, bila kuzigusa. Ilikuwa mara ya kwanza kutoka studioni na kazi chafu.

Alizilaza juu ya meza ya pasi, kwenye shuka jeupe. Mama Mdadisi aliishika ya kwanza, akaitazama, uso ukamlegea, akasema ndilo. Halafu akaiona ya pili, akauliza hili ni lipi.

"Ndilo hilo hilo," fundi akasema. "Kigari kimeshapita. Kimetazama nyuma."

Mkewe aliisogeza karibu na dirisha. Alitafuta, macho yakapanda na kushuka juu ya jiwe, kidole kikafuata alama za magurudumu mpaka pembeni ya karatasi zinapoishia.

"Hakuna mtu," akasema.

Fundi alikuwa na majibu mengi ya kumpoza, na yote yalimjia mdomoni. "Hakuna mtu, mke wangu," akasema.

Mama Mdadisi akaiweka chini ile ya kwanza, kifudifudi, polepole, kama anavyolaza shuka lililokwisha pigwa pasi. Ya pili akamrudishia mumewe. Akamwambia aandike.

Mganga hajigangi. Fundi alisema brashi ziko studioni, akaambiwa akazilete. Alisema kumekuwa jioni, taa ni hafifu, akaambiwa taa inatosha. Alikwenda akarudi. Alifungua kichupa cha wino mweupe, ule uliokuwa umekwisha miezi yote hiyo, akachovya, na chini ya jiwe, kwenye mchanga wa rangi ya kutu, akaandika jina. Hakuandika Mdadisi. Aliandika jina lenyewe, alilompa siku alipozaliwa, ambalo hakuna aliyelitamka ndani ya nyumba ile tangu basi lilipowarudisha. Akaandika mwaka wa kuja. Mwandiko ukatoka mzuri, kama wa siku zote. Akavuta kistari. Hapo brashi ikagoma.

Mkono wake ulibaki hewani, akajua sasa kwamba miezi yote hiyo hakuwa mkewe peke yake aliyesimama kituoni. Mama Mdadisi alikuja upande wake, akamshika kiganja, akakishusha mpaka wino ukagusa karatasi. Na namba ya kwanza ilipoandikika, kilio kikamtoka Mama Mdadisi. Hakikuwa kilio cha kistaarabu. Kilitoka chini kabisa, majirani wakakisikia, milango ikafunguka, na binti yao aliyekuwa njiani kuja akaanza kukimbia.

Fundi Vumbi aliandika huku mkewe akimlilia begani na mkono wake ukiwa bado umeushika wa kwake. Namba ya mwisho ilipinda, ikashuka chini ya mstari, na tone la wino likaanguka kando yake. Aliitazama. Akaiacha hivyo hivyo.